Mtu wa Ndoo

Kiswahili kina methali inayojulikana na kila aliyewahi kukaa darasani: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumeiandikia insha, tumeisikia kwenye hotuba, tumeikuta kwenye khanga na kalenda za ukutani. Lakini Kiswahili hichohicho kina methali nyingine ambazo hazipatani nayo hata kidogo. La kuvunda halina ubani. Sikio la kufa halisikii dawa. Ile ya kwanza inakuamuru uamke sasa hivi ukachanganye saruji. Hizi mbili zinakuambia uweke mwiko chini, muda umepita, na ubani wako hautabadilisha harufu.

Sidhani kama wazee walikuwa wakijipinga. Walijua kwamba kuna kuharibika kwa aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Ila kazi waliyotuachia ni ngumu kuliko methali zenyewe: ukisimama mbele ya kitu kinachovuja, utajuaje kama unatazama ufa au unatazama uvundo? Hapo methali zinanyamaza. Kila moja inaanza kuongea baada ya jibu kupatikana.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na ningependa kusema kwamba swali hili nililipata kwa Aristotle. Nililipata kwenye kundi la WhatsApp la familia, chini ya picha ya ndoo ya bluu iliyowekwa bafuni kwa mama, Iringa, kukinga maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye hita.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga atauliza hita ya nini. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba ya alfajiri yanauma vidole. Tulikua tukioga maji ya sufuria: yanachemshwa jikoni, yanachanganywa kwenye ndoo, unaoga kwa kopo haraka kabla hayajapoa. Mwaka 2011 baba alistaafu ualimu, na kwenye kiinua mgongo chake akatoa fedha ya hita ya lita 50. Siku ya kuifunga alisimama na fundi bega kwa bega wakaipandisha ukutani. Baba alifariki mwaka 2018. Hita ikaendelea kuchemsha. Mwaka jana ikaanza kudondosha.

Kwenye kundi, kaka yangu mkubwa aliandika: “Hiyo imezeeka. Itupwe tununue mpya, tupumzike.” Dada akajibu: “Fundi aizibe kwanza, tuone.” Kisha mama, ambaye hapendi kuandika, akatuma sauti: “Na mimi nina miaka 67, magoti yanalia kama mlango wa stoo. Na mimi mtanitupa mpumzike?”

Wote tukatuma vile vikatuni vinavyotoa machozi ya kicheko. Lakini nadhani kila mmoja, peke yake, aliisikiliza ile sauti mara ya pili.

*

Tuanze na jibu la haraka, la hesabu. Fundi wa kwanza kuulizwa kwa simu alitaka shilingi 40,000 kujaribu kuziba. Hita mpya ya ukubwa uleule, pamoja na kuifunga, ilikuwa shilingi 380,000. Kwa macho ya kwanza, kuziba kumeshinda. Lakini kiraka kikidumu miezi minne, umelipa shilingi 10,000 kwa mwezi. Na hita mpya ikidumu miaka kumi, umelipa kama 3,200 kwa mwezi. Kwa macho ya pili, mpya imeshinda kwa mbali.

Kaka yangu ni mhasibu, na kwake mjadala uliishia hapo. Hesabu yake ni sahihi, ila ina matundu mawili. La kwanza ni kwamba namba zinazoiamua, yaani ile miezi minne na ile miaka kumi, ni makisio. Ukibadilisha makisio, jibu linageuka, na hesabu inabaki imenyooka vilevile.

La pili ni zito zaidi. Unafuu wa kitu kipya humfikia tu mwenye 380,000 mkononi leo. Jirani wa mama anauza mboga, na bati la nyumba yake linavuja. Kila msimu wa mvua ananunua lami kidogo, mwanawe anapanda juu, wanaziba. Ukijumlisha lami ya miaka yote, pengine ingenunua bati jipya. Yeye mwenyewe anajua hivyo; aliwahi kumwambia mama. Kilichomkosa si hesabu, ni fedha ya mkupuo. Wenye uwezo hununua kwa jumla, na umaskini siku zote huuziwa rejareja.

Kwa hiyo huwa nasita ninaposoma makala zinazosifu kutengeneza vitu kama fadhila ya moyo, na zile zinazolaumu kununua vipya kama ufujaji. Kabla ya kusifu na kulaumu, tuulize kwanza nani alikuwa na hiari. Sisi tulikuwa nayo. Tulikuwa ndugu watatu wenye mishahara miwili na posho moja ya utafiti, na tungeweza kuchanga. Kwa hiyo kwetu swali lilikuwa la maadili kwelikweli: unapoweza kufanya lolote kati ya mawili, lipi ni sawa?

*

Utani wa mama unastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu una hoja ndani yake.

Mwaka 1785 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alichapisha kitabu chembamba kuhusu msingi wa maadili. Humo anatofautisha bei na hadhi. Chenye bei, anasema, kinaweza kuwekewa mahali pake kingine cha thamani sawa. Kile ambacho hakuna cha kukaa mahali pake, kiko juu ya bei yoyote. Hicho kina hadhi. Sisi tungesema kina utu. Ukiisoma hivyo, “tununue mpya” ni sentensi inayoruhusiwa kwa vitu na kukatazwa kwa watu. Kwa hita unaweza kuuliza kama inalipa kuitengeneza. Kwa mama swali hilo halina pa kukaa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumwambia, mama, tulia, wewe si hita. Lakini mama hakuzua hofu yake hewani. Swali hilo huulizwa kuhusu watu kila siku, kwa sauti ya chini, kwenye korido za hospitali: mzee ana miaka 80, upasuaji wa nini tena? Huulizwa kazini, kuhusu mfanyakazi ambaye mgongo wake umechoka. Lugha ya kubadilisha vipuri ina tabia ya kuvuja kutoka kwenye vitu hadi kwa watu. Mzazi anayewasikia wanawe wakieleza kwa ufasaha ni wakati gani kitu hakistahili tena kutengenezwa ana haki ya kusogeza kiti karibu asikilize vizuri.

Halafu Kant aliacha kitu katikati. Je, hita ile ilikuwa kitu chenye bei tu? Dada yangu alipomwambia mama kwamba mpya itakuwa nzuri zaidi, mama alijibu kwa maneno manne: “Hii aliifunga baba yenu.” Hakusema ni nzuri. Wala hakusema ni ya bei. Alisema ni hii.

G. A. Cohen, mwanafalsafa aliyefundisha Oxford, aliandika mwishoni mwa maisha yake insha inayotetea hali hiyo hasa. Alitoa mfano wa raba yake ya kufutia, aliyokuwa nayo tangu alipoanza kufundisha London mwaka 1963. Ilikuwa na pembe, ikalika hadi ikakaribia kuwa mviringo. Hakutaka ibadilishwe na nyingine, hata mpya, hata bora. Hoja yake ni kwamba tunapothamini kitu, hatuthamini tu kazi kinayofanya, kiasi kwamba chochote kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi kikija tukipokee kwa makofi. Wakati mwingine tunakithamini chenyewe, hiki, chenye historia hii. Anayesema “lakini mpya ni bora” hajamjibu mtu wa namna hiyo. Amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Namwamini Cohen. Ila raba haina umeme ndani yake. Mtu anaweza kuipenda kwenye droo maisha yake yote bila kumsumbua yeyote. Hita iliyopendwa inaning'inia juu ya kichwa cha mtu, imejaa lita 50 za maji ya moto, na pembeni yake kuna waya. Mapenzi kwa kitu yanatosha kuwa sababu ya kukihifadhi. Kama yanatosha kuwa sababu ya kukiacha kazini ni swali jingine, na swali hilo haliwezi kujibiwa na anayependa peke yake.

*

Nilikwenda Iringa likizo fupi, na nikawepo fundi bomba wa mtaani alipokuja. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye begi la turubai. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akafunga koki ya maji, kisha akafanya jambo ambalo nimelifikiria kuliko vitabu kadhaa nilivyosoma muhula ule. Alichukua tambara akakausha kila kitu: mabomba, viungio, ganda la hita, ukuta. Halafu akafungua koki ya maji tena, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akangoja.

“Fundi, tunangoja nini?” nikamuuliza.

“Maji ni mwongo,” akasema. “Yanatokea huku, yanadondokea kule. Ukiziba yanapodondokea, umeziba uongo.”

Tulingoja kama nusu saa, mimi nikiwa nimemshikia tochi, na katika kungoja huko akanieleza kwamba hita huvuja kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kwenye viungio, pale bomba linapoingia, au kwenye mpira unaozuia maji pale koili inapofungwa. Hiyo ni kazi ya spana, tepu nyeupe na mpira mpya. Dakika chache, fedha kidogo. Huo ndio ufa wa methali, na atakayenunua hita mpya kwa sababu hiyo ameuziwa.

Ya pili ni kwenye valvu ya usalama. Maji yakipashwa moto hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 huongezeka kwa kama robo tatu ya lita, na chuma cha tangi hakina pa kuziweka. Kama kuna kizuizi kinachozuia maji kurudi kwenye bomba la kuingilia, hiyo ziada hutoka kidogokidogo kwenye valvu. Mwenye nyumba huona tone na kudhani ni ubovu, kumbe hita inapumua. Ikidondosha mfululizo hata ikiwa baridi, basi msukumo wa maji ni mkubwa mno au valvu yenyewe imechoka, na inabadilishwa valvu peke yake. Kinachokatazwa ni kimoja: kuiziba. “Wapo wanaoweka plagi,” akasema fundi. “Tone linakoma, mwenye nyumba anafurahi. Siku themostati ikigoma kukata umeme, hiyo si hita tena. Ni bomu.”

Nilitulia juu ya hilo. Kuna kuvuja ambako ni uzima. Kuna ufa ambao ukiuziba unajenga kaburi. Kilio cha mtu aliyefiwa, malalamiko ya wafanyakazi, mtoto anayerudisha maneno nyumbani kwa mara ya kwanza: ni vitu vingapi tunavyovikimbilia na plagi kwa sababu tone linatuudhi?

Watu wa pwani walilijua hili kabla ya hita. Jahazi la mbao huvuja, na ndiyo maana Kiswahili kina neno kalafati, kwa pamba inayosindiliwa katikati ya mbao. Kina deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa chini ya chombo. Kina ngama, mahali chini kabisa ambapo maji hujikusanya na mabaharia huyafua. Lugha isingekuwa na maneno yote haya kama mabaharia wangetarajia chombo kisichovuja. Walitarajia kinachovuja kwa kiasi kinachojulikana, na wakapanga zamu.

Namna ya tatu ni tangi lenyewe. Ndani ya tangi la chuma kuna utando mgumu kama wa sahani ya kaure, unaokinga chuma na maji. Utando ukipata ufa na kutu ikaingia, chuma huliwa polepole kutoka ndani, na siku maji yanapotokeza nje kazi imeshakwisha zamani. Ukichomelea, moto unaharibu utando kuzunguka hapo, na chuma cha jirani kimeshakuwa chembamba kama kile kilichotoboka.

Baada ya nusu saa viungio vilikuwa vikavu. Valvu ilikuwa kavu. Chini ya ganda, mahali pasipo na kiungio chochote, tone la rangi ya chai ya rangi lilijitokeza, likaning'inia, likaanguka. Fundi akaniambia nipande kwenye kiti nilione mwenyewe.

“Mama,” akasema alipotoka, “hii nikiiziba leo, mwezi ujao utanipigia simu. Nitakuja, na utanilipa tena. Halafu mwezi wa tatu yake utanipigia tena.”

Nimejiuliza kwa nini nilimwamini. Si kwa sababu hakuwa na maslahi. Kuziba kungempa kazi kila mwezi, na hita mpya ingempa fedha ya kufunga na pengine kitu kidogo kutoka dukani. Alikuwa na faida kila upande, kama kila mtaalamu tunayemtegemea: daktari, wakili, fundi simu. Nilimwamini kwa sababu alikausha, akangoja, akanipandisha kwenye kiti. Hakuomba niamini neno lake. Alinipa nafasi ya kuona alichoona. Nadhani uaminifu wa fundi kwa sehemu kubwa uko hapo, na pengine hata uaminifu wa mwanafalsafa.

*

Jibu la kifundi basi lilipatikana: ni uvundo, si ufa. Lakini mama bado alikuwa na hoja. “Linadondosha tone,” alisema. “Tone linaua nani? Ndoo si ipo?”

Ndoo ilikuwepo kweli. Ni nani alikuwa akiimwaga?

Mama anaishi na binti wa miaka 19 anayemsaidia kazi za nyumbani. Nilipomuuliza, alinieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza ratiba. Ndoo anaimwaga asubuhi, mchana na kabla ya kulala, na usiku wa baridi anaamka mara moja kuitazama, kwa sababu iliwahi kufurika na maji yakaelekea kwenye ukuta wenye swichi. Tangu siku hiyo yeye anaoga maji ya baridi. Anaogopa kusimama chini ya ile hita. Mama anamchemshia ya sufuria, anayapeleka bafuni, anazima umeme mwenyewe kabla mama hajaingia. Ilikuwa wiki ya tatu.

Kwa hiyo hita ya baba, iliyofungwa mwaka 2011 ili watu wa nyumba ile waachane na sufuria, ilikuwa imewarudisha kwenye sufuria, na juu ya hapo imeongeza ndoo. Katika hesabu ya kaka, kuziba kulikuwa shilingi 40,000 na kuacha kulikuwa sifuri. Niliandika kwenye kundi kwamba kuacha si sifuri. Kuacha ni zamu nne kwa siku za mtu ambaye hayumo kwenye kundi hili.

Tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba kila kitu kinachovuja kina mtu wa ndoo. Tunapojadili kama tutengeneze au tubadilishe, tunajadili kana kwamba kuna pande mbili: kitu na mwenye kitu. Mwenye kitu ana fedha zake, kumbukumbu zake, huruma yake kwa dunia inayojaa taka. Zote ni sababu za haki. Lakini kuna upande wa tatu, ule unaoamka usiku, na kwa kawaida ndio unaofanya “tusubiri kidogo” kuwa jambo linalowezekana. Subira ya mwenye kitu huwa inalipiwa na mikono ya mwingine.

Ukishaona hivyo unaona ndoo kila mahali. Gari la abiria lenye breki za kubahatisha linaendelea kuingia barabarani kwa sababu matengenezo ni ghali. Mtu wa ndoo ni abiria wa siti ya mbele. Ofisi yenye utaratibu uliooza inaendelea kwa sababu kuna karani mmoja anayebaki hadi saa mbili usiku kurekebisha kwa mkono kinachokosewa mchana. Hata ndoa. Ninawajua watu wanaosifiwa kwa kuitunza ndoa miaka 30, na ukiuliza nani alikuwa akimwaga ndoo, jibu ni mmoja tu kati ya wawili.

Sisemi kila kinachovuja kibadilishwe. Fundi alinifundisha kinyume chake. Nasema kwamba uamuzi wa kuvumilia mvujo si halali mpaka anayeuvumilia kwa mikono yake awe ameulizwa. Kwa jahazi, mabaharia walikuwa ndani ya chombo wote, nahodha pamoja nao. Maji yakizidi, wanazama pamoja. Hapo ndipo penye tofauti.

*

Hita ilipoteremshwa, fundi aliifungua akanionyesha waya mwembamba uliokuwa umebaki ndani. “Hii ilikuwa nene kama kidole,” akasema. Inaitwa anodi, fimbo ya magnesiamu inayowekwa ndani ya tangi kwa kazi moja: iliwe. Maji yenye kiu ya kula chuma hukutana kwanza na magnesiamu, ambayo hulika kwa urahisi zaidi, na chuma kinasalimika maadamu fimbo ipo. Kanuni hiyo ni ya zamani. Mwaka 1824 mkemia Mwingereza Humphry Davy alieleza jinsi shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita ingeweza kukingwa na maji ya bahari kwa kuifungia vipande vya chuma au zinki, viliwe vyenyewe. Ilifanya kazi, ila shaba iliyosalimika ikaotwa na mwani na viumbe vya baharini, meli zikawa nzito, na mpango ukaachwa. Lakini ndani ya hita kanuni ileile inafanya kazi hadi leo, kwa sharti kwamba fimbo itazamwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili na kubadilishwa ikikaribia kuisha. Katika miaka yote ile hakuna fundi aliyewahi kumweleza mama habari ya fimbo.

Basi swali la kutengeneza au kubadilisha huja limechelewa. Kabla yake kulikuwa na jingine, dogo na lisilo na mvuto, ambalo halimlazimishi mtu kwa tone wala ndoo: nani anatazama fimbo? Kutunza kunafanyika wakati kitu bado kinafanya kazi, na ndiyo maana hakuna anayekupigia makofi. Fimbo yenyewe ni mtu wa ndoo wa aina yake, ila hii iliumbwa kuliwa. Binadamu hakuumbwa hivyo, na nyumba nyingi zinasimama kwa sababu yupo mtu ndani yake anayeliwa kimya badala ya wengine.

Kiswahili kina neno moja, kutengeneza, kwa kuunda kitu na kwa kukirekebisha. Fundi anatengeneza kiti kipya, na fundi huyohuyo anatengeneza kiti kilichovunjika. Neno limetoka kwenye kutengenea, kuwa katika hali inayofaa. Zamani nilidhani huo ni upungufu wa lugha. Sasa naona ni msimamo: lugha haijali sana kama umefika kwenye hali inayofaa kwa kitu cha zamani au kipya. Inauliza kama pametengenea. Na nyumba ambamo mtu mmoja anaoga maji ya baridi kwa hofu haijatengenea, hata kama ukutani kuna ukumbusho wa baba.

Mama alisikiliza habari ya binti hadi mwisho. Hakutetea hita tena. Alisema tu: “Nunueni. Ila fundi atakuja kila mwaka kutazama hiyo fimbo, na nyie mtakuja kunitazama mimi. Mara mbili kwa mwaka, si kwenye simu.” Kaka, ambaye aliitaka mpya ili tupumzike, ndiye aliyelipa sehemu kubwa na ndiye aliyekubali sharti la kwanza. Ganda la zamani alilichukua mtu wa vyuma chakavu. Koili na themostati, ambavyo bado vilikuwa vizima, fundi aliondoka navyo.

Anayebaki kunisumbua ni jirani mwenye bati. Kwetu mwenye kitu alikuwa mmoja na mtu wa ndoo mwingine, na kazi ya maadili ilikuwa kuwakutanisha. Kwake hao wawili ni mtu mmoja. Anaijua hesabu, anajua bati limeoza, halipendi wala hana kumbukumbu nalo, na mvua ikinyesha usiku ndiye anayeamka kupanga masufuria sakafuni. Hakuna cha kumshauri. Methali ya ufa na methali ya ubani zote kwake ni maneno ya watu wenye hiari. Pale ambapo mtu ameshajibu maswali yote kwa usahihi na bado anaamka kumwaga ndoo, swali la kutengeneza au kubadilisha si lake tena. Limehamia kwetu sisi majirani, tunaolisikia bati lake mvua inaponyesha.